UKO KWENYE MISHENI YA NANI?

Kijana mpendwa, hapa Masoko ukimwuliza jamaa anakwenda wapi, anakujibu, "Nina misheni." Mwingine anaitwa mishentauni: hana kazi maalumu, anaishi mjini kwa kupiga hiki na kile. Neno tunalitumia kila siku, lakini je, maana yake tunaijua?

1. LIMETOKA WAPI?
"Mission" ni neno la Kiingereza, nao Waingereza wamelipata kwenye Kilatini, ambako asili yake ni kutuma. Kwa hiyo misheni ni kazi uliyotumwa. Safari ya Wamarekani kwenda mwezini mwaka 1969 iliitwa hivyo. Askari wetu waliokwenda Kongo mwaka 2013 chini ya Umoja wa Mataifa nao walikuwa ndani ya misheni, kwa sababu walitumwa.

2. LILIFIKAJE KWETU?
Huku kusini lilikuja na wamisionari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha misheni Masasi. Mwaka 1906 Wabenediktini wakaanza Ndanda. Wazee wakapaita misheni mahali penyewe: kanisa, shule na hospitali. Baadaye vijana wa mjini wakalidaka, na sasa dili lolote ni misheni. Angalia kilichopotea hapo: aliyetuma!

3. KISWAHILI KINATUFUNDISHA
Katika "tuma" tumepata mtume, na tumepata mtumwa. Mtume, Waislamu na Wakristo wote wanajua, anamfahamu aliyemtuma na anaujua ujumbe alioubeba. Mtumwa je? Wale walioteremshwa pwani ya Kilwa Kivinje karne ya 19 wakiwa wamefungwa minyororo, hakuna aliyewauliza kitu. Neno moja, njia mbili!

4. JIPIME MWENYEWE
Mtu anakupa mzigo umefungwa. Anasema, "Peleka Dar, usifungue, chako utapata." Kabla hujapanda basi, jiulize:
(a) Huyu anayenituma namfahamu?
(b) Ndani kuna nini?
(c) Nikikamatwa njiani, atakuja kusimama na mimi, au atasema hanijui?

Kama majibu huna, ndugu yangu, usijidanganye kwamba una misheni. Umefungwa mnyororo usiouona, na pesa ya soda ndiyo kufuli yake. Mrudishie mzigo wake leo, gari halijaondoka. Halafu kaa utafakari: wewe hasa, umetumwa na nani?