Uchafu Usoni mwa Almasi Nano: Maswali na Majibu

Je, almasi nano iliyochemshwa katika asidi si imekwisha kuwa safi?

Barua kadhaa zimeuliza hivyo, nazo zinajibiwa pamoja: la. Almasi nano inayotokana na kulipua TNT na RDX ndani ya chumba cha chuma kilichofungwa huwa na chembe zenye upana wa nanomita 5 hivi, yaani sehemu 5 za bilioni za mita, na katika udogo huo atomu nyingi hukaa usoni au jirani na uso. Asidi huyeyusha sehemu kubwa ya chuma kilichobanduka kutoka kwenye kuta za chumba na kupunguza masizi, lakini haigusi elektroni zisizo na jozi zilizobaki pale vifungo vya kaboni vilipokatika. Elektroni hizo, ambazo hufikia kadiri ya 10 kwa chembe moja, hudhihirishwa na resonansi ya elektroni, yaani kipimo cha namna zinavyofyonza maikrowevu zikiwa ndani ya uga wa sumaku. Zaidi ya hayo, asidi huacha usoni vikundi vya kaboksili, ambavyo huweza kuachia haidrojeni yake na kunasa ayoni za shaba zilizomo katika maji ya kusuuzia, hivyo unga huweza kuchafuka kwa kule kuoshwa kwenyewe. Muuzaji anayetoa weupe wa unga kuwa ushahidi wa usafi hajathibitisha lolote.

Je, mashine za kupimia resonansi hutoa mionzi ya nyuklia?

Hazitoi.

Je, resonansi ya elektroni ni mbinu ngeni mno kuaminiwa?

La, kwani Yevgeny Zavoisky aliigundua mjini Kazan mwaka 1944.

Uchafu ulio usoni hutofautishwaje na ule wa ndani?

Hutofautishwa kwa resonansi ya viini, yaani kwa kupima viini vya kaboni-13, ambayo ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote, na muda vinaotumia kurudi katika utulivu baada ya kuchokozwa na mawimbi ya redio. Katika almasi safi muda huo huweza kufika saa kadhaa, ilhali katika almasi nano hushuka hadi chini ya sekunde moja, kwa kuwa elektroni zisizo na jozi huharakisha utulivu huo. Athari hiyo hupungua mara 64 umbali unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo kiini kinachotulia upesi kiko karibu na uchafu.

Je, kipimo kimoja kinatosha?

Hakitoshi, kwa sababu resonansi ya elektroni haioni ayoni ambazo elektroni zake zote zina jozi, kama za zinki, na resonansi ya viini vya haidrojeni huchanganya maji yaliyonata usoni na vikundi vya kemikali ikiwa sampuli haikukaushwa. Unga ambao haukupimwa kwa njia zaidi ya moja usiitwe safi.