SOMO LA UKULIMA: ADUI WAWILI WA MAHINDI

Katika sehemu nyingi za kando ya Ziwa Victoria, mahindi yana adui wawili ambao wameleta njaa katika nyumba nyingi. Wa kwanza ni bungua, funza wa nondo arukaye usiku, ambaye hutoboa bua na kula moyo wake. Wa pili ni gugu la kiduha, ambalo Wajaluo huliita kayongo. Maua yake ya zambarau hupendeza macho, lakini chini ya ardhi mizizi yake hushika mizizi ya mahindi na kunyonya chakula chake. Mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, nazo huweza kukaa udongoni miaka 10 na zaidi. Basi mtu ang'oaye kiduha baada ya kuchanua amechelewa. Madhara yamekwisha kutendeka.

Katika miaka ya 1990 Dakta Zeyaur Khan na wenzake wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, huko Mbita, wakishirikiana na wataalamu wa Rothamsted, Uingereza, na watafiti wa kilimo wa Kenya, walivumbua njia imfaayo mkulima asiye na fedha za dawa. Njia hiyo yaitwa Sukuma-Vuta.

Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde. Harufu yake huwachukiza nondo na kuwasukuma nje. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi za nepia, ambazo harufu yake huwavuta. Nondo hutaga mayai juu ya nepia, lakini funza wakiisha kuanguliwa hunaswa na utomvu unatao, na wengi hufa wakali wadogo.

Kazi ya desmodiamu haiishii hapo. Mizizi yake huchochea mbegu za kiduha kuota, kisha huzizuia zisishike mizizi ya mahindi. Hivyo hufa kwa kukosa chakula. Tena mmea huo hurutubisha udongo kwa naitrojeni, huhifadhi unyevu, na pamoja na nepia huwa malisho ya ng'ombe na mbuzi.

Yampasa mkulima kupanda mistari 3 ya nepia kuzunguka shamba, na shamba lenyewe lisizidi mita 50 kwa 50. Mbegu za desmodiamu ni ndogo sana, kwa hiyo zichanganywe na mchanga mkavu kabla ya kupandwa. Mahali penye ukame, nyasi za brakiaria hufaa kuliko nepia.

Viwavijeshi vamizi walipoingia Kenya mwaka 2017, mashamba ya namna hii yalichunguzwa, na taarifa ya mwaka 2018 ilionyesha kuwa viwavi walikuwa wachache mno kuliko katika mashamba ya mahindi matupu.

Hata hivyo, njia hii yataka subira. Msimu wa kwanza palizi ni nyingi, kwa maana desmodiamu ingali changa. Tena mimea hii hudumu miaka mingi, na mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja husita kuipanda, asije akamwachia mwingine faida. Hapana budi mwenye shamba na mpangaji wapatane muda wa miaka kadhaa kabla ya jembe kugusa ardhi.