Hesabu za Shule Zinazolinda Maisha

Ndugu wafanyakazi, akina mama, na ninyi watoto wa shule wa Kasongo na Kabambare! Wengine husema: «Hesabu ni ya darasani, shimoni tunatumia nguvu.» Sivyo. Iwe dhahabu ya Namoya, iwe kasiteriti, hesabu ya darasa la sita inaweza kumwokoa mchimbaji na jamaa yake. Fanyeni mafunzo haya matatu nyumbani, mzazi pamoja na mtoto.

FUNZO LA 1: UWIANO

Mtoto akiharisha, anapoteza maji na chumvi ya mwili. Hiyo ndiyo hatari kubwa. Kama pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji haipo, tengeneza hivi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visifanye mlima.

Swali: Sufuria ina lita 1½. Tutie nini?

Maji yamezidishwa mara 1½, basi vyote vizidishwe vivyo hivyo. Sukari: 6 × 1½ = vijiko 9. Chumvi: ½ × 1½ = ¾ ya kijiko. Ukiongeza chumvi bila kuongeza maji, uwiano umevunjika, na chumvi nyingi inamdhuru mtoto. Mabaki yamwagwe baada ya siku moja. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu, macho yamezama, au hawezi kunywa, mpeleke upesi kituo cha afya.

FUNZO LA 2: TAFUTA KIPIMO CHA KIMOJA

Swali: Watu 3 wanatoa maji shimoni, ndoo 45 kwa dakika 15. Mvua inaingiza ndoo 4 kila dakika. Je, watayashinda maji?

Tafuta kwanza dakika moja: 45 ÷ 15 = ndoo 3. Kisha mtu mmoja: 3 ÷ 3 = ndoo 1. Zinaingia 4, zinatoka 3. Kila dakika inabaki ndoo 1. Baada ya nusu saa zimeongezeka ndoo 30, na watu wamechoka. Watu 4 watazuia tu maji yasipande. Basi hesabu inasema: tokeni nje kwanza, mwiteni mkubwa wa kazi. Maji hayajazi shimo tu, yanalainisha kuta pia.

FUNZO LA 3: PEMBE

Ngazi ina kanuni yake: kwa kila meta 4 za kwenda juu, mguu wake uwe meta 1 mbali na ukuta.

Swali: Ngazi inaegemea ukuta kwenye urefu wa meta 6. Mguu uwe wapi?

6 ÷ 4 = meta 1½. Pembe ya chini inakuwa karibu digrii 75. Pembe tatu za pembetatu zinafanya 180, na ukuta na ardhi zinafanya 90. Pembe ya juu ni 180 − 90 − 75 = 15. Mguu ukiwa mbali mno, ngazi inateleza; ukiwa karibu mno, inaanguka nyuma pamoja na mtu. Kichwa cha ngazi kipite ukingo wa shimo kwa meta 1, mtu apate pa kushika.

Tazama na ukuta wenyewe. Mchanga mkavu ukimwagwa unalala kwa digrii 30 mpaka 35 tu. Ukuta wa digrii 90 unasimama kwa sababu udongo umeshikana. Mvua ikiulainisha, unaanguka bila kupiga hodi. Usichimbe kamwe chini yake kama pango.

JARIBUNI WENYEWE

1. Maji ni nusu lita. Sukari na chumvi ni kiasi gani?
2. Shimo lile lile, watu 5. Kila dakika maji yanapungua ndoo ngapi?
3. Ngazi inafika meta 8. Mguu uwe wapi?

Majibu: (1) vijiko 3 na robo ya kijiko, (2) ndoo 1, (3) meta 2.

Baba, mtoto akirudi na daftari, usimwambie umechoka. Keti naye.

PIMA KWANZA, FANYA KAZI, RUDI NYUMBANI MZIMA!