Dondoo muhimu: Begi la kamera kwa njia za Kibondo na Kasulu

Anza na zipu, rangi baadaye. Vumbi jekundu la njia hizi ni laini kama unga wa muhogo. Likishaingia kwenye pete ya lenzi, utaisikia ikikwaruza kila unapoizungusha. Chagua zipu nene iliyofunikwa na ulimi wa kitambaa, uifungue na kuifunga mara kumi hapo hapo dukani. Ikikwama mbele ya muuzaji, harusini itakuaibisha.

Mvua za huku huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, zikipumzika kidogo katikati. Kifuniko cha mvua kiwe kimeshonewa kwenye begi, la sivyo utakisahau nyumbani.

Bodaboda ndiyo mtihani wenyewe. Jaza vifaa vyako vyote kwenye begi, livae, kisha kaa kwenye pikipiki kama abiria. Kitako cha begi kikigusa kiti au keria, kila shimo la barabara litaipiga kamera. Fupisha mikanda au tafuta begi fupi zaidi. Lenzi ya 70-200 yenye f/2.8 peke yake inaweza kukaribia kilo moja na nusu, kwa hiyo mkanda wa kiunoni si pambo.

Begi linalofungukia upande wa mgongoni ni bora: ukilitua kwenye tope, uchafu unabaki nje na shati lako linasalimika.

Nembo kubwa ya kampuni ya kamera hutangaza kilichomo ndani. Mimi ningechukua jeusi lisilo na jina.