Dondoo muhimu: Kubadilisha kiyoyozi kwenye nyumba ya kupanga, Dar es Salaam

Kabla fundi hajapanda ngazi, andikianeni na mwenye nyumba: nani atalipa, na ukihama kiyoyozi kitabaki cha nani. Makubaliano ya mdomo husahaulika upesi, hasa siku ya kudai amana.

Kiyoyozi kikongwe kinachotumia gesi ya R-22 usihangaike kukijaza. Gesi hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal. Ukinunua kipya, chumba cha kulala cha kawaida kinatosheka na BTU 9,000 hadi 12,000. Wauzaji hupenda kukusukumia kikubwa zaidi, ambacho hupoza haraka, kikazimika, kikakuachia unyevunyevu. Chukua cha inverta, umeme wa LUKU udumu.

Fundi asiye na pampu ya kunyonya hewa kwenye mabomba kabla ya kufungulia gesi, mrudishe alikotoka.