Wadhifa na Idhini katika Hifadhidata: Mfano wa Karani wa Kau

1.0 Utangulizi
Kau ni kijiji kilicho kando ya Mto Ozi, juu kidogo ya Kipini, katika eneo la Garsen, Kaunti ya Tana River. Ichukuliwe kwamba karani mmoja wa kijijini hapo amepewa chombo cha kusomea daftari la wapiga kura. Mfumo ukishamtambua, hubaki swali la pili: anaruhusiwa kufanya nini? Makala haya yanaeleza jinsi hifadhidata ya PostgreSQL inavyolijibu.

2.0 Istilahi
Baadhi ya waandishi hutumia neno dhima. Hata hivyo, dhima ni jukumu linalomwelemea mtu, ilhali wadhifa hutolewa, hushikwa na huvuliwa. Kwa hiyo wadhifa unafaa zaidi. Tangu toleo la 8.1 la mwaka 2005, PostgreSQL huhesabu mtumiaji na kundi la watumiaji kuwa wadhifa. Idhini nayo ni tendo linaloruhusiwa: kusoma, kuongeza, kubadili au kufuta.

3.0 Vitendakazi vya Ndani
Kitendakazi has_table_privilege hujibu ndiyo au hapana iwapo karani aweza kusoma au kubadili jedwali fulani. Kwa upande wake, pg_has_role huchunguza uhusiano wake na wadhifa mwingine, tuseme wa msimamizi. Kikipewa neno MEMBER, huuliza uanachama tu. Kikipewa USAGE, huuliza kama idhini za msimamizi zinamfaa karani papo hapo, pasi na kuuvaa wadhifa huo kwanza. Anayechanganya maswali haya mawili hupata jibu sahihi la swali ambalo hakuliuliza. Aidha, mtu akivaa wadhifa mwingine, current_user hubadilika, lakini session_user huendelea kumtaja aliyeingia. Kumbukumbu inayohifadhi current_user pekee humficha mtendaji.

4.0 Hitimisho
Suala hili si la wataalamu peke yao. Mwaka 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya iliiamuru Tume ya Uchaguzi itoe kumbukumbu za walioingia katika seva zake. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu, na mahakama ikalizingatia hilo ilipobatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Mpiga kura wa Kau hawezi kudai maelezo ya mambo hayo iwapo lugha yake haina maneno ya kuyatajia. Kusanifisha istilahi hizi, basi, ni kazi ya wanafunzi wa Kiswahili.