SOMO LA JUMA: NAAMANI ALIKUWA AMEKWISHA KUONDOKA
Maandiko ya kusoma: 2 Wafalme 5:1-14, Isaya 38:1-21



Juma hili tunazungumza juu ya ndugu zetu waliofungwa na lotoko au bangi, ambao tunawapeleka kwenye dawa ya miti, na wao wanatoroka kabla ya kuimaliza. Hapa Bunia tumewaona wengi. Mmoja wa kwetu ametoroka mara tatu.

Someni vizuri habari ya Naamani. Tumezoea kuhubiri mwisho wake, namna ngozi yake ilivyokuwa kama ya mtoto. Lakini katikati ya habari mtu huyu aliondoka. Aligeuka akaenda zake kwa hasira, kwa sababu nabii hakutoka nje kumwekea mkono, alituma mjumbe tu. Tena Yordani haukumpendeza, akakumbuka mito ya kwao Dameski. Aliyemrudisha hakuwa Elisha. Ni watumishi wake, watu wadogo, waliomwita baba na kusema naye kwa upole. Na Maandiko hayasemi kwamba mara ya tatu au ya tano ukoma ulipungua kidogo. Alizama mara saba ndipo akapona.

Wengine wanauliza: sisi watu wa maombi, dawa ya miti inatuhusu nini? Wanakumbusha kwamba nabii Simon Kimbangu, alipoanza kazi kule Nkamba mwaka wa 1921, aliponya kwa kuomba na kuweka mikono, na watu wakatupa hirizi zao. Ni kweli kabisa. Lakini jani si hirizi. Hirizi ni patano na roho nyingine, jani liliota kwa amri ya Mungu. Isaya alimletea Hezekia neno la Bwana, kisha akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Ila mganga akianza kudai kuku mweusi, au kukutajia jirani aliyekuroga, toka kwake upesi. Kutoroka kwa namna hiyo hatukukatazi.

Shida hii si ya kwetu peke yetu. Kule Tarapoto, inchi ya Peru, kuna nyumba iitwayo Takiwasi, iliyoanzishwa mwaka wa 1992 na daktari Mfaransa Jacques Mabit. Wanatibu watu wa madawa ya kulevya kwa mimea ya msitu. Mgonjwa anatapishwa, anakaa peke yake msituni na chakula kisicho na chumvi, anazungumza na washauri, anafanya kazi pamoja na wenzake. Ni matibabu ya karibu miezi tisa, na wengi wanaondoka njiani. Karibu na sisi, Gabon, kuna mti wa iboga. Mwaka wa 1962 kijana wa Marekani, Howard Lotsof, alikula dawa iliyotolewa katika mti huo, akaona hamu ya heroini imemwacha. Lakini wengine wamekufa nayo, moyo ukisimama. Basi tusidanganyane kwamba cha miti hakiui.

Neno hili tunalisema kwa nguvu: mnywaji wa miaka mingi akiacha pombe ghafula, siku za kwanza anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyoko, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Msikimbilie kusema ni pepo. Apelekwe kwanza hospitali, dawa ya miti ingoje. Msimfungie chumbani bila chakula mkisema anafunga.

Sisi mashemasi tulikosa hapo. Ndugu yetu alianza kunywa baada ya vita ya mwezi wa tano 2003 katika mji huu. Mara ya kwanza alitoroka usiku wa pili, akitetemeka, na sisi tulikuwa tumefunga mlango. Aliruka dirishani. Mara ya pili tulisoma jina lake mbele ya kanisa lote, tukifikiri haya itamsaidia. Akakaa siku nne. Mara ya tatu alifika juma la tatu. Juma hilo ni la hatari kuliko siku za kutapika, kwa maana mwili umepata nguvu, mtu anasema nimepona, na nyumbani wanamhitaji. Mwenye pikipiki alitaka feza yake ya kila siku, mke aliuza ndizi sokoni peke yake, mtoto alirudishwa kutoka shuleni. Tulijua hayo yote. Tuliomba, hatukutoa kitu. Akatoka kwenda kutafuta feza, na jioni akarudi amelewa.

Sasa ameanza tena. Alilala hospitali kwanza, kisha akaenda kwa mzee wa miti, na leo ni siku ya kumi na tisa. Kila jioni mmoja wetu anakwenda kukaa naye, hata kama hakuna la kusema. Deni la shule limelipwa kwa sadaka ya akina mama. Zamu ya juma lijalo ni ya wanakwaya. Unga upelekwe kwa mke wake Jumatatu asubuhi, kabla hajaenda sokoni.